Maswali Yenu: Wasifu Upo, Wateja Hawaji

SWALI: Natafsiri nyaraka. LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na biashara, nina watu wengi lakini hakuna anayeuliza bei. WhatsApp nako, tangazo nililotuma kwa orodha ya namba 200 limewafikia wachache mno. Nakosea wapi?

JIBU: Tuanze na WhatsApp, maana hapo chanzo kiko wazi. Ujumbe wa orodha ya matangazo humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wewe kuwa na yake hakutoshi. Mwombe mteja aihifadhi palepale unapomkabidhi kazi, wakati bado ameridhika. Orodha moja huchukua watu 256, lakini usiwarundike pamoja: aliyekwisha kununua na anayeulizia tu hawahitaji ujumbe mmoja.

Kwenye LinkedIn, tazama mstari ulio chini ya jina lako. Una nafasi ya herufi 220, na wengi huzipoteza kwa kuandika “Mkurugenzi Mtendaji”, cheo ambacho mteja hakitafuti. Andika kazi yenyewe: “Natafsiri mikataba na vyeti, Kiswahili na Kifaransa.” Maneno mazito yatangulie, kwa sababu ukichangia kwenye chapisho la mtu, mstari huo hukatwa na huonekana mwanzo wake tu.

Halafu, tafadhali, usimtumie mtu orodha ya bei mara tu anapokubali ombi lako la kuunganishwa naye LinkedIn. Hilo hufukuza wateja kuliko kosa lolote. Changia kwanza kwenye machapisho yake, ukijibu jambo mahususi aliloandika. “Hongera” tupu haimwambii unachokijua.