Re: Mstari wa oksijeni wa M77 umehama, nimekosea wapi?

Habari mkuu, nimekusoma. Umepiga spektra (mwanga uliochanuliwa rangi kwa rangi) ya kiini cha galaksi ya M77, mstari wa kijani wa oksijeni ulitegemea ukae 500.7 nanomita umeukuta 502.6, sasa unataka kufuta kalibresheni yote (yaani ulivyokisawazisha chombo). Usifute! Galaksi ile inatukimbia kwa kilomita zaidi ya 1,100 kwa sekunde, kwa hiyo mistari yake yote inasogea kuelekea nyekundu, na hizo nanomita 2 kasoro ndo zenyewe.

Kwanza angalia 497.8, lazima umkute pacha mdogo wa huo mstari wa oksijeni, kimo kama theluthi ya mkubwa, halafu mstari wa haidrojeni uwe kwenye 488.0 hivi. Mimi hili lilinikesha usiku mzima mpaka nikageuzia darubini kwa nyota ya Sirius bila kugusa setingi, nikaona lile bonde (mstari mweusi) la haidrojeni limekaa 486.1, palepale pake pa kawaida, nikajua chombo ni kizima.

Na ukikuta mstari wa oksijeni umeuzidi wa haidrojeni kwa mwangaza kama mara 10, basi furahi sana, kwenye galaksi kubwa vile nyota changa haziwezi kuiwasha gesi hivyo, huo ni mwanga mkali unaotoka kandokando ya shimo jeusi. Kamera kama yako sijawahi kuishika, muda wa kuiacha wazi ikusanye mwanga waulize wenye nayo.