Jibu: Boriti za tenki zimepinda, ninunue mbao nene zaidi?

Habari mkuu. Umesema boriti mbili za inchi 2x6 (kama milimita 50 kwa 150) chini ya tenki la lita 1000 hapo Igogo, Mwanza, zimepinda katikati, nafasi kati ya kuta ni mita 3, na fundi anataka ununue mbao nene. Kabla ya kununua chochote, toa maji, maana tenki likijaa ni tani nzima. Kisha angalia mbao zimekaaje. Kwenye picha yako zimelazwa ubapa, na tatizo liko hapo.

Ili kujua boriti itakataa kupinda kiasi gani, chukua upana, zidisha kwa kimo chenye kipeo cha tatu (kimo × kimo × kimo), gawa kwa 12. Kwa milimita 50 na 150, ikilala unapata 1,562,500. Ikisimama wima, yaani ikikalia ukingo wake mwembamba, 14,062,500. Mbao ileile, mpindo unapungua mara 9! Mkazo ndani ya mbao, ambao ndio huivunja, unapungua mara 3 tu, kwa hiyo mbili bado hazinipi amani. Mimi ningesimamisha nne, na kati ya moja na nyingine nigongee vipande vya mbao ili zisilale ubavu.

Nguzo ya katikati nayo inasaidia sana, ila viwanja vingi vya mlimani huko upande mmoja ni jabali, mwingine kifusi. Ikisimama kwenye kifusi itadidimia, boriti irudi kupinda. Chimba mpaka ufike penye mwamba.

Ncha zilizoingia ukutani hazionekani pichani. Zichome kwa msumari; ukizama kirahisi, mbao hiyo imeoza, usiirudishe.