Usipige kioo picha kwa simu: eksirei za zamani zinavyogeuzwa somo

Msomaji anayefundisha matabibu ameuliza: hospitali yao ina eksirei za kifua za miaka mingi kwenye kompyuta, je, azipige picha kwa simu kutoka kwenye kioo, awatumie wanafunzi kwenye WhatsApp?

Hapana, tafadhali. Simu inanasa jina la mgonjwa lililo pembeni na mng'ao wa taa ya chumba, halafu inapoteza kile kile unachotaka kukifundisha: kivuli hafifu kwenye kilele cha pafu, nyuma ya mtulinga, mahali kifua kikuu kinapopenda kujificha.

Toa faili zenyewe za DICOM, yaani muundo ambao mashine za hospitali huhifadhia picha pamoja na taarifa za mgonjwa. Picha ya biti 12 ina ngazi 4,096 za kijivu. Ukiigeuza JPEG ya kawaida zinabaki 256. Kwenye CT, eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, hasara ni kubwa zaidi. JPEG iliyotolewa kwa mpangilio wa tishu laini (upana 400, kitovu 40: yaani ukubwa na katikati ya eneo la vipimo vya CT linaloonyeshwa kwa kijivu) huyafanya mapafu kuwa meusi tii. Kinundu cha milimita 6 kimeshapotea, na kuongeza mwanga hakukirudishi. Mwanafunzi apewe faili anayoweza kuihamisha mwenyewe hadi mpangilio wa mapafu, upana 1,500, kitovu −600. Orthanc, programu ya seva ya kuhifadhi faili za DICOM, ni ya bure, na ina sehemu ya kuondoa utambulisho.

Hapo kwenye utambulisho ndipo wengi wanapoteleza. Kila taarifa ndani ya faili ina tagi, yaani lebo yenye namba. Wanafuta jina (0010,0010), namba ya mgonjwa (0010,0020) na tarehe ya kuzaliwa (0010,0030), wanaridhika. Jina bado linaweza kuwa kwenye maelezo ya kipimo, au kwenye tagi binafsi za kampuni iliyotengeneza mashine. Tena linaweza kuwa ndani ya picha yenyewe: ultrasaundi huliandika kwenye ukanda wa juu, na filamu za zamani zilizoskaniwa hubeba kibandiko pembeni. Programu inayosafisha tagi haigusi maandishi hayo. Fungua kila picha, moja moja, uifunike sehemu hiyo kwa weusi kisha uhifadhi faili upya, ili mtu asiweze kuutoa ule weusi. Ila usikate alama ya R au L! Bila hiyo, moyo uliokaa kulia hautofautishwi na picha iliyogeuzwa.

Tarehe usizifute zote. Zisogeze zote za mgonjwa mmoja kwa idadi ile ile ya siku, ili nimonia ya leo na picha ya baada ya wiki sita zibaki zimepishana wiki sita. CT ya kichwa ishughulikie peke yake, kwa sababu uso unaweza kujengwa upya kutokana nayo. Kibali cha hospitali kitangulie yote haya: Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Tanzania ya 2022, na zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Sasa jibu sahihi la kila picha. Ripoti ya zamani ni maoni ya mtu aliyekuwa na foleni ndefu. Kwa kifua kikuu tafuta majibu ya GeneXpert, kipimo cha vinasaba vya bakteria wake, au makohozi yaliyooteshwa. Kwa uvimbe, majibu ya patholojia. Usipoyapata, waambie wanafunzi wazi kwamba picha hiyo haina uthibitisho. Mkusanyiko wa eksirei za kifua wa NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, uliotolewa 2017, wenye picha 112,120, ulipata majina ya magonjwa kwa kompyuta kusoma ripoti, na picha nyingi za hewa iliyovuja kifuani zina mrija wa kuitoa tayari. Anayejifunzia hapo huishia kutambua mrija. Mgonjwa atakayeletwa usiku anahema kwa shida hana mrija bado.

Changanya na picha za kawaida. Ukileta ugonjwa mtupu, darasa litajifunza kuona ugonjwa kila mahali. Mkusanyiko wa eksirei za kifua wa Shenzhen, China, uliotolewa kwa umma, umepangwa vizuri kwa hili: 336 zenye kifua kikuu, 326 za kawaida.

Kwa kuanzia picha 50 zinatosha, 25 kati yake za kawaida, kwa mpangilio wa kubahatisha. Kila mmoja aandike jibu lake, na uhakika wake kutoka 1 hadi 5, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo. Zile walizokosea kwa uhakika wa 5 ndizo za kuanza nazo kipindi kinachofuata.