Mguu unaotembea ndio ulioungua

Muheza kwetu inasifika kwa machungwa, lakini mimi niliangushwa na mwembe. Tawi lilikatika, nikatua kwa mgongo juu ya mzizi. Majirani, kwa wema wao, wakanipakia mshikaki kwenye bodaboda, nimekalishwa katikati kama gunia. Aliyeanguka akasema miguu haina habari hakalishwi. Analazwa chali juu ya mlango au ubao, kichwa, shingo na mgongo mstari mmoja, na watu wanamgeuza kwa pamoja kama gogo.

Picha zilionyesha pingili ya mgongo, ya 8 ya kifuani, imevunjika na kuugandamiza uti, yaani fungu la neva linalopita ndani ya pingili. Pingili za kifuani ni 12, na neva za kila moja zina eneo lake la ngozi: la ya 4 liko usawa wa chuchu, la ya 10 usawa wa kitovu. Ndiyo maana mikono yangu ilisalimika, ganzi ikaanzia katikati ya hapo kwenda chini. Nilidhani daktari atagonga magoti. Badala yake akavaa glavu, akaomba radhi, akanipima njia ya haja kubwa na kuniambia nibane. Kwa aibu sikuweza kumtazama mke wangu. Kumbe kipimo hicho ndicho kinachoamua. Neva za mwisho kabisa za uti zinahudumia pale. Ukihisi au ukibana hata kidogo, ujue mawasiliano hayakukatika yote. Madaktari huandika herufi, kuanzia A, yaani yamekatika yote, hadi E, yaani kawaida. Niliandikiwa C. Baada ya miezi 8 ya mazoezi ikawa D, natembea na gongo moja.

Siku niliyosimama, mtaa mzima uliona nimepona. Nami nikawaamini, na hilo ndilo kosa lililonigharimu.

Kwa kuwa nilikuwa nakojoa mwenyewe, niliitupa mipira ya kutolea mkojo. Homa zikawa zinakuja na kuondoka, naandikiwa dawa za malaria. Mwishowe nikapimwa altrasaundi baada ya kutoka msalani: kibofu kilikuwa bado kimebakiza zaidi ya mililita 300. Mkojo unaotuama hufuga vijidudu, na ukirudi nyuma huharibu figo. Sasa najitoa kwa mpira kila baada ya saa 4 hadi 6, baada ya kunawa mikono kwa sabuni. Kama nawe unajisifu kwamba unakojoa, omba upimwe kinachobaki.

Ngozi nayo ilinifundisha kwa ukali. Mguu wangu wa kulia una nguvu lakini haujui moto. Wa kushoto ni dhaifu lakini unamhisi hata sisimizi. Ndani ya uti, njia za maumivu na joto huvuka kwenda upande wa pili, za nguvu hazivuki hapo, hivyo jeraha lililoegemea upande mmoja hugawa hasara kwa namna hiyo ya ajabu. Basi nikapanda bodaboda kwenda sokoni, mguu wangu ninaojivunia ukaegemea ekzosi. Nilijua kwa harufu. Kidonda kilichukua miezi miwili. Siku hizi maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko, na kila jioni nakagua visigino, nyonga na makalio kwa kioo. Nikikaa, najiinua kila robo saa hadi nusu saa. Asiyeweza kujigeuza kitandani ageuzwe kila saa 2, hata usiku, hata kama mwenyewe hasikii kitu. Hasa kama hasikii.

Miguu kukakamaa ni kawaida yetu, lakini ikizidi ghafla sikimbilii vidonge. Natafuta kwanza kinachoisumbua: kibofu kimejaa, choo kigumu, kidonda, ukucha umeingia nyamani. Ukitumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, usiiache ghafla. Yaweza kukuletea degedege. Na yale maumivu ya kuwaka, kama umefungwa mkanda wa pilipili kifuani, hayasikii panadoli. Zipo dawa za neva kama gabapentini na amitriptilini, ambazo daktari huanza nazo kwa dozi ndogo.

Mwenye jeraha kwenye pingili ya 6 ya kifuani au juu yake ana la ziada. Kichwa kikimpasuka ghafla, uso ukatoka jasho na presha ikapanda, chanzo chaweza kuwa kibofu tu. Mkalishe wima, miguu ining'inie, mlegeze nguo, mtoe mkojo. Isiposhuka upesi, mkimbize hospitali.

Kiti cha magurudumu sijakigawa, ingawa wengi wamekitamani. Siku za gulio nakitumia, maana nikitembea kutwa, jioni mguu wa kushoto unaburuta nami naanguka. Shangazi alinikuta nacho akashika tama, akauliza kama ugonjwa umerudi.

"Hapana, shangazi. Leo nina shughuli nyingi."