Uliza kwanza habari ya maji, chakula baadaye: safari yetu ya Malaysia

Waalaykum salaam dada. Nimekusoma vizuri: wewe, mume, watoto wawili na mama mkwe, siku kumi za Desemba shule zikifungwa, mnataka bahari na mnataka kutembea. Unavaa hijabu na safari hii nawe unataka kuingia majini, siyo kukaa chini ya mwavuli ukilinda viatu vya wenzio. Umetaja Uturuki, Maldivi na Malaysia. Wengi hapo juu wamekujibu "nenda Dubai" bila kusoma ulichouliza. Mimi nilikwenda Malaysia Desemba 2024 na kikosi hichohicho, mama mkwe akiwemo, kwa hiyo nitakupa ya kwangu. Ni marefu kidogo, nivumilie.

Uturuki kwa Desemba iondoe. Ule upande wa Antalya na Alanya una hoteli nyingi zisizouza pombe, zenye bwawa na ufukwe wa wanawake peke yao uliozungushiwa uzio, na simu unaiacha mlangoni. Kwa mtu wa stara hakuna zaidi ya hapo. Lakini hizo ni raha za kiangazi. Desemba kule ni mvua na baridi. Iweke kiporo cha Juni au Julai.

Maldivi viza unapewa uwanjani siku thelathini bila malipo, na visiwa wanavyokaa wenyeji pombe ni marufuku kabisa. Wageni wa vichupi wanatengewa kipande chao cha ufukwe, kwingine kote watu wanaoga wamevaa. Hoteli za visiwa binafsi ndizo zenye pombe, usichanganye. Shida yake ni kwamba ukishaona samaki umeshaona. Malé utauona msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, Hukuru Miskiy wa mwaka 1658, nusu siku umemaliza. Ni kwa maharusi. Mama mkwe siku ya tatu ataanza kuuliza tiketi ya kurudi.

Sasa Malaysia. Kwa pasipoti ya Tanzania hatukuombwa viza kwa matembezi mafupi, ila kuna fomu ya kuingilia inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, inaitwa MDAC, na ni bure. Ukikuta tovuti inadai dola, ujue umeingia kwa matapeli. Kadi ya homa ya manjano iwe mkobani, siyo kwenye begi kubwa. Tulipitia Doha, jumla na kusubiri kama saa kumi na nane. Wapo wanaopitia Dubai au Muscat. Soketi zao ni za pini tatu kama zetu, magari yanapita kushoto kama kwetu.

Kosa letu kubwa ninalotaka usilirudie ni hili. Kabla ya safari nilimaliza wiki mbili nikitafuta habari za chakula halali na mahali pa kuswali. Yote hayo kule hayana kazi. Maduka makubwa yana surau, yaani chumba cha kuswalia, uwanja wa ndege una surau, vituo vya mafuta vya barabara kuu vina surau. Dari la chumba chako lina mshale wa kibla. Choo kina bomba la maji. Nilichosahau kuuliza ni habari ya bwawa. Hoteli yetu ya kwanza, pale Kuala Lumpur, nilishuka na watoto nimevaa nguo yangu ya kuogelea, suruali na gauni fupi na kofia yake, kitambaa halisi cha kuogelea. Kijana wa bwawani, Muislamu mwenzangu, anaitwa jina la Mtume, akaniambia kwa adabu zote kwamba nguo ndefu haziruhusiwi. Nikamwambia hii siyo pamba. Akasema anajua, lakini ndiyo kanuni ya hoteli. Nilikaa kwenye kiti, nikalinda viatu. Nchi ya Kiislamu, dada, lakini hoteli ni ya mwenye hoteli.

Kwa hiyo kabla hujalipa chochote, iandikie hoteli barua pepe uulize mambo matatu: nguo ya kuogelea ya kufunika inaruhusiwa bwawani, ndiyo au hapana, kuna saa za wanawake peke yao, na baa iko wapi kulingana na bwawa. Jibu lihifadhi kwenye simu. Hoteli ya Langkawi, kisiwa tulichokwenda baadaye, niliwaandikia usiku uleule nikiwa na hasira, wakajibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la pili, na baa ilikuwa pembeni kabisa. Tulipofika hakuna aliyenisumbua.

Na nguo yenyewe usiinunue huku kwa bei ya kuruka. Pale Kuala Lumpur kuna mtaa wa Jalan Tuanku Abdul Rahman, na wa Masjid India pembeni yake, maduka ya mabaibui, mitandio na nguo za stara yamepangana kama Kariakoo. Mama mkwe tulimtoa pale kwa kumvuta mkono.

Kuala Lumpur tulikaa siku tatu kamili na zinatosha. Usafiri ni Grab, unaita kwa simu kama Bolt. Minara ya Petronas, mita 452, iangalieni usiku kutoka bustanini, siyo lazima kulipa kupanda. Masjid Jamek wa mwaka 1909 umekaa palepale mito miwili inapokutana, na jina la mji maana yake ni hayo makutano yenye matope. Masjid Negara wa mwaka 1965 una paa kama mwavuli uliofunguliwa nusu. Jirani yake kuna Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu, na kama utakata kitu kwenye ratiba, hiyo usikate. Kuna ukumbi wa vielelezo vidogo vya misikiti ya dunia nzima. Mwanangu wa miaka tisa alizunguka saa nzima, yeye ambaye dakika kumi zinamshinda. Batu Caves ni mahekalu ya Kihindu, ngazi 272 zimepakwa rangi za kila namna. Mume na watoto walipanda, mama alikataa kushuka kwenye gari, mimi nilisimama katikati nikapambana na tumbili aliyetaka mfuko wangu. Kila mtu na msimamo wake, mjadiliane nyumbani kabla.

Chakula utacheka. Nasi lemak ni wali wa nazi wenye dagaa wa kukaanga na pilipili. Satay ni mishkaki. Roti canai ni binamu yake chapati, unaletewa na mchuzi wa dengu. Mimi mtu wa Tanga nilihisi nimepelekwa kwa shangazi ambaye sikuwahi kumjua. Tafuta alama ya JAKIM, ndiyo idara ya serikali inayothibitisha uhalali. Lakini angalia: kibao kinachosema "hakuna nguruwe" si sawa na kusema halali, nyama ya kuku inaweza kuwa imechinjwa vyovyote, na pombe ikawa jikoni. Kwenye migahawa ya Wachina ndiko utaviona sana vibao hivyo.

Na lugha! Meza wanaita meja. Bendera ni bendera. Sabuni ni sabun, karatasi ni kertas, habari ni khabar. Mreno na Mwarabu walipita kwao kama walivyopita kwetu. Mume wangu aliona kibao kimeandikwa gereja akashangaa mbona gereza liko katikati ya mji na maua mlangoni. Ni kanisa.

Swala. Wao ni wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani, kunuti, ile dua ya kwenye swala ya alfajiri, ipo, hutajiona mgeni. Hotuba ya Ijumaa ni kwa Kimalei. Surau nyingi zina telekung, lile vazi jeupe la kike la kuswalia, limetundikwa kwa kila mtu, ila mara nyingine limeloa jasho la aliyetangulia, chukua lako jepesi. Saa zao zitakuchanganya mwanzoni: nchi iko mbele yetu kwa saa tano, na kwa Langkawi mwezi Desemba alfajiri inaadhiniwa baada ya saa kumi na mbili, jua linatoka karibu saa moja na nusu. Watoto waliamka kuswali bila kuburutwa, jambo ambalo nyumbani sijaliona tena. Kuhusu kupunguza rakaa za swala kwa ajili ya safari, mume aliuliza kwa ustadhi wetu kabla ya kuondoka: Kuala Lumpur siku tatu kamili tukapunguza, Langkawi tulinuia nne kamili bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, tukaswali rakaa zote. Wewe muulize wa kwako, mimi si sheikh.

Langkawi ni mwendo wa saa moja kwa ndege kutoka Kuala Lumpur. Desemba hadi Machi ndiyo kiangazi chake. Visiwa vya upande wa mashariki, Perhentian na Redang, wakati huo vinapigwa na pepo za msimu na hoteli nyingi zinafungwa, usidanganywe na picha. Jambo ambalo matangazo hayakwambii: Langkawi haitozi ushuru tangu 1987, kwa hiyo pombe ndiko iliko rahisi kuliko Malaysia yote. Pantai Cenang, ufukwe maarufu, jioni una muziki, chupa na vichupi. Migahawa ya halali imejaa vilevile, lakini ukikodi chumba pale usilalamike. Sisi tulilala nje kidogo, tukakodi gari la watu saba kwa leseni ya kimataifa, kwa sababu kisiwa hakina daladala.

Sasa niseme ukweli ambao wengine watanitukania. Bahari yetu ni nzuri kuliko yao. Maji ya Cenang ni ya kijani, yana ukungu wa mchanga, usitegemee Nungwi wala Paje. Wana konyeza pia, wale viumbe laini wa majini wanaowasha ngozi, wengine wakali, sisi tulibeba chupa ya siki, na ukiona kibao cha onyo usishindane nacho. Siku ya kwanza tulilipia boti ya kuzunguka mikoko ya Kilim kuona tai wekundu. Mama mkwe, mzaliwa wa Pangani, alitazama ile mikoko kushoto, akatazama kulia, akauliza: "Mmenisafirisha saa kumi na nane nije kuangalia mikoko?" Hatukuwa na jibu. Tai walikuwa wazuri, lakini.

Kilichotufurahisha wote ni ile gari ya kamba ya kupanda mlima Machinchang. Juu kuna daraja la kupinda lenye urefu wa mita 125 limening'inia hewani, chini yako msitu, mbele visiwa. Nenda asubuhi mapema, upepo ukizidi wanafunga, na mchana foleni ni ya kuombea dua. Mama alivuka lile daraja akisoma Ayatul Kursiyy kwa sauti, na watalii wakampisha.

Ijumaa ipange vizuri. Kule Kedah, jimbo la Langkawi, mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Sisi tulikata tiketi ya boti ya visiwa siku ya Ijumaa asubuhi, mume akaanza kuhesabu saa. Nahodha alimwona, akacheka, akamwonyesha kanzu yake imekunjwa chini ya usukani. Saa saba kasoro tulikuwa bandarini.

Nilichokwenda kukitafuta nilikipata Tanjung Rhu, kaskazini ya kisiwa, ufukwe mkimya. Jumamosi ile familia za Kimalei zilijaa, zimekuja na majamvi na vyungu vya wali. Wanawake wote majini na mitandio yao, wengine na suruali za kawaida tu na fulana za mikono mirefu, bibi kwa wajukuu. Nyumbani nikiingia ufukwe wa hoteli na vazi langu kuna macho yanayonifuata hadi kiunoni mwa maji. Pale hakuna aliyegeuka. Niliogelea hadi vidole vikakunjamana, mume ndiye aliyelinda viatu.

Tuliporudi mchangani mama hayupo kwenye mkeka. Tukamwona yuko majini mpaka kifuani, dera limejaa hewa kama puto, ameshikana mikono na bibi mmoja wa Kimalei, hawaelewani lugha, wanapokea mawimbi na kucheka. Alikaa humo hadi magharibi ilipokaribia. Kibla kule ni upande wa magharibi, siyo kaskazini kama kwetu, kwa hiyo tuliposwali mchangani, wekundu wa jua ulikuwa bado mbinguni kushoto kwetu. Mama alipotoa salamu alimgeukia mwanawe: "Kesho tunarudi hapa, au mnanipeleka tena kwenye mikoko?"