Baba mkubwa kapuliza mashine, kapewa 68%: tukubali arudi mara ya pili?

Ndugu muuliza, nimesoma swali lako pamoja na majibu ya waliotangulia. Kwa wanaofika sasa hivi: baba mkubwa wake anakaa Katuba, hapa Lubumbashi. Alichimba kwa mikono miaka mingi, kisha akaitwa kwenye utafiti wa mapafu, akapuliza mashine ya kupima pumzi (spirometa) na kurudi nyumbani na karatasi yenye "VEMS 68%". Familia ikakaa kikao. Shangazi anasema mapafu yamebaki theluthi mbili. Kijana mmoja anasema asirudi tena huko, maana watu hao wanapima ili wajue atakufa lini. Na watafiti wameshaomba arudi mwakani.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupulizisha watu kwenye tafiti: wachimbaji, akina mama wa makaa, watu waliopona kifua kikuu. Karatasi yenyewe hujaituma, kwa hiyo nitajibu kwa jinsi ninavyoijua kazi.

Tuanze na shangazi. Ile 68% si betri ya simu. Mashine haijui mapafu ya mzee yalikuwa na nguvu gani alipokuwa kijana. Inachojua ni vile mlivyoiambia: mwaka wa kuzaliwa, urefu, mwanamume au mwanamke. Inatazama watu wenye afya waliopimwa kwingine, inakadiria mtu wa umri na urefu huo hutoa hewa kiasi gani katika sekunde ya kwanza ya kupuliza kwa nguvu zote, kisha inagawanya. Tuseme alitegemewa lita 3.10 akatoa lita 2.11. Hiyo ndiyo 68%. Mtu mwenye afya anaweza kupata 85, mwenzake 115, na wote wawili wakapanda ngazi bila kuhema. Kwa hiyo 68 iko chini na haipaswi kupuuzwa, ila haisemi kwamba theluthi moja ya pafu imeoza. (Hewa hiyo ya sekunde ya kwanza ndiyo VEMS, kwa sababu mashine zetu huandika Kifaransa. Wasomaji wa Dar na Nairobi wataona FEV1. Ni kipimo kilekile.)

Sasa angalia hizo taarifa zilivyoingia, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika kabla mtu hajafungua mdomo.

Umri. Wazee wetu wengi kadi ya mpiga kura inawaambia wamezaliwa tarehe 1 Januari, na sote tunajua tarehe hiyo ilitoka wapi. Ndiyo maana tunatumia kalenda ya matukio. Namuuliza mzee: wakati Katanga ilipojitenga mwaka 1960 ulikuwa unanyonya au unakimbia? Jina la mji lilipobadilishwa kutoka Elisabethville mwaka 1966, ulikuwa umeanza shule? Vita ya Kolwezi ya 1978, ulikuwa umeoa? Kwa maswali ya namna hiyo umri hujisogeza mpaka ukatulia. Wenye haraka hudharau kazi hii, lakini baada ya miaka 30 hivi mtu hupoteza takriban mililita 25 hadi 30 za hiyo VEMS kila mwaka, hata kama hajawahi kushika sigara. Kadi ikimfanya mzee kijana kwa miaka minane, hewa anayotegemewa kutoa inapanda kwa mililita 200 au zaidi, na asilimia yake inashuka bila mapafu kubadilika hata kidogo.

Urefu nao upimwe miguu mitupu, mgongo ukutani. Usinakiliwe kwenye karatasi ya zamani. Mzee aliyepinda mgongo kwa kubeba magunia hupimwa upana wa mikono iliyonyooshwa, kidole hadi kidole.

Kisha kuna swali ambalo wengi hawajui hata kama linaulizwa: umelinganishwa na nani? Hesabu za kimataifa zilizotolewa mwaka 2012 zilitoka kwa watu zaidi ya 74,000 wa nchi 26, zikagawanywa kwa makundi ya asili. Kundi la Weusi lilitokana na Wamarekani Weusi, na makadirio yake yalikuwa karibu 15% chini ya yale ya Wazungu. Ndugu, mchimbaji wa Katuba ana uhusiano gani na mkazi wa Chicago isipokuwa rangi? Bonyeza "Mzungu" kwenye mashine badala ya "Mweusi", na pumzi ileile ya lita 2.11 itashuka kutoka 68% hadi kama 58%. Wazo lenyewe la kutenga mapafu kwa rangi lina historia chafu: katika karne ya 19 Marekani kuna daktari, Samuel Cartwright, aliyetumia vipimo vya pumzi kutetea utumwa. Mwaka 2022 zikatoka hesabu mpya zisizotazama rangi kabisa, na mwaka 2023 chama cha Marekani cha madaktari wa kifua kikashauri zitumike. Mashine nyingi za huku bado zina za zamani. Chini ya karatasi huandikwa GLI, yaani jina la hesabu hizo, na mwaka. Tazama hapo, na uhakikishe mwakani watatumia zilezile, la sivyo mtaona mzee "amepona" au "amezidiwa" kwa sababu tu mtu kabadilisha mpangilio.

Nije kwenye pumzi yenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapowatambua wenzangu wanaoijua kazi. Mtu anavuta hewa mpaka kifua kijae kabisa, anabana midomo kwenye mrija, pua imebanwa, kisha anaitoa yote kwa kishindo na kuendelea kusukuma mpaka hakuna tena. Kusema ni rahisi. Mzee wa heshima aliyevaa koti hawezi kutoa hewa kwa kishindo mbele ya wasichana wawili wenye makoti meupe. Anapuliza kwa adabu, kama mtu anayepoza chai. Ni lazima mwenye mashine apige kelele: "Puliza baba, puliza, puliza, bado ipo, toa yote!" Mimi huwaonyesha kwanza mwenyewe, mishipa ya shingo ikinitoka. Wakicheka, wanalegea.

Mama akiwa amejifunga kitenge kwa nguvu, au mzee amekaza mkanda, kifua hakijai. Aliyetoka kula bukari (ugali) la mchana hajai pia. Meno ya bandia yaliyolegea yanavujisha hewa. Halafu kuna jambo ambalo akina mama wengi hawatalisema kwa mwanamume: waliozaa sana wanaogopa mkojo utatoka wakisukuma. Wanajizuia, na karatasi inaandika mapafu mabovu. Tangu nilipoanza kumwambia kila mtu aende msalani kwanza, bila kutaja sababu, pumzi za akina mama zimekuwa nzuri zaidi. Hili sijaliona likiandikwa kwa herufi kubwa kwenye mwongozo wowote niliopewa.

Kanuni za kimataifa zinataka pumzi tatu zinazokubalika, na mbili zilizo bora zisipishane zaidi ya mililita 150. Ukifika mara nane mtu mzima hajapata, unaacha, mtu apumzike, arudi siku nyingine. Kukohoa ndani ya sekunde ya kwanza kunaharibu pumzi hiyo, na kusitasita mwanzoni vilevile. Kwa hiyo usiniulize kuhusu 68% kabla ya kuniambia walipata pumzi ngapi nzuri. Grafu itakuonyesha: mstari unaopanda wima hadi kilele kikali kisha kushuka polepole ni wa mtu aliyejituma. Kilele cha mviringo maana yake alipuliza kwa adabu.

Na mashine yenyewe hupimwa kila asubuhi kwa bomba la lita 3: unasukuma lita 3, ikisoma 2.80 hakuna mtu anayepulizishwa mpaka ijulikane kwa nini. Chumba cha mabati asubuhi ya Juni, na chumba hichohicho mchana wa Oktoba, si joto moja. Hewa hutanuka, na kama joto la chumba limeingizwa vibaya namba zote za siku zinahama kwa asilimia kadhaa. Mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya bahari, nao mgandamizo wa hewa si ule uliowekwa kiwandani. Niliwahi kukuta kituo kimoja bomba la lita 3 likiwa bado kwenye nailoni yake, na daftari la vipimo vya asubuhi limejazwa mwezi mzima.

Namba iliyo muhimu kuliko 68% pengine mmeipita. Tafuta CVF, yaani hewa yote aliyotoa, kisha mgawanyo wa VEMS kwa CVF. Ukiwa chini ya 0.70 hata baada ya kupewa pompi ya salbutamol, dawa ya kuvuta inayofungua njia za hewa, na kusubiri dakika 15, njia za hewa ni nyembamba na hazifunguki vizuri. Hapo madaktari wanafikiria ule ugonjwa sugu wa mapafu wanaouita BPCO (COPD kwa Kiingereza), wa sigara, wa moshi wa jikoni, wa vumbi, na mara nyingi wa kifua kikuu cha zamani. Kama baada ya pompi namba zilipanda sana, wanafikiria asima (pumu). Lakini kama mgawanyo ni mzuri, na VEMS na CVF zote ziko chini pamoja, basi mapafu huenda hayajai. Kwa mtu aliyechimba mawe hilo linanifanya nifikirie vumbi la silika, lile la mawe, ila mashine hii peke yake haiwezi kuthibitisha. Inatakiwa picha ya kifua, na daktari anayejua kuisoma. Pumzi ya uvivu nayo hutoa sura hiyohiyo, ndiyo maana nimesumbua na grafu.

Vumbi la silika pia humfungulia mlango kifua kikuu. Kama mzee anakohoa zaidi ya wiki mbili, anakonda, au anatoka jasho usiku, apeleke makohozi kwanza kwenye kituo chenye GeneXpert, mashine ya kutambua kifua kikuu. Asipulize popote kabla ya hapo, kwa ajili yake na kwa ajili ya atakayekaa kwenye kiti baada yake. Vivyo hivyo akitema damu, au akiwa ametoka kupata shambulio la moyo au upasuaji wa macho au tumbo.

Sasa kikao chenu. Utafiti si matibabu, na watu wengi hapa Lubumbashi wanavichanganya kwa sababu vyote vina makoti meupe na nauli. Mtafiti anataka kujua kama wachimbaji kwa ujumla wana pumzi fupi kuliko wasiochimba. Namba ya mzee ni moja kati ya mamia. Na niwaambie kwa nini wanamtaka yeye hasa, aliyekwisha kuacha kazi: ukipima waliopo mgodini leo, unapima wenye nguvu. Waliochoka wako nyumbani Katuba na Ruashi, hawaonekani. Tafiti zinazoishia kwenye geti la mgodi hutoa picha nzuri mno, na kuna wenye mgodi wanaoipenda picha hiyo.

Kwa hiyo swali lenu la kwanza liwe: matokeo yataonwa na nani? Si kuogopa ovyo. John Hutchinson wa London, aliyetangaza mashine hii mwaka 1846 baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, aliipendekeza mapema kwa kampuni za bima ya maisha, zijue nani asikatiwe bima. Kijana wenu wa "atakufa lini" hakubuni. Fomu ya ridhaa inapaswa kusomwa kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya shahidi kama mzee hasomi, na iseme wazi nani analipia utafiti, jina lake linafichwaje, na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza huduma. Nakala moja ibaki kwake. Wakitaka mkojo au damu kupima kobalti, kama inavyofanyika mara nyingi mkoa huu, hiyo iandikwe pia. Halafu waulize: mkimkuta mgonjwa, mnampeleka wapi, na nani analipa? Wakijibu "tutaona", mimi nisingempeleka.

Wakijibu vizuri, arudi. Mara ya kwanza amelinganishwa na watu asiowajua. Mara ya pili atalinganishwa na nafsi yake, kwa lita, na hapo umri wa kadi na rangi ya Chicago havina tena neno kubwa. Akitoa lita 2.05 badala ya 2.11 msiitishe kikao kingine. Kushuka chini ya 15% kwa mwaka kunaweza kuwa tofauti ya kupuliza tu. Siku hiyo avae shati lililolegea, asile sana, asivute sigara saa moja kabla, na kama ana pompi aulize mapema aache kuitumia saa ngapi kabla ya kipimo. Akibanwa pumzi njiani aitumie, kipimo kitasubiri.

Kwa leo, piga picha ya ukurasa wenye grafu, ziba jina na tarehe ya kuzaliwa, uiweke hapa. Nataka kuona kilele, CVF, na yale maandishi madogo ya GLI. Na niambie kama anakohoa.