Jibu: Rekodi ya simu inatoa sauti yako tu

Mkuu, umeuliza kwa nini programu uliyopakua inarekodi sauti yako tu, ya mwenzako haisikiki. Simu yako ni nzima. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, Google ilizifungia programu za nje, yaani zisizokuja na simu, njia ya kuchukua sauti ya simu moja kwa moja. Watengenezaji wakapitia mlango wa huduma za kuwasaidia watumiaji wenye ulemavu, lakini Mei 2022 Play Store nayo ikapiga marufuku hilo. Kilichobaki ni kipaza sauti, na hicho kinanasa kilicho karibu nacho, yaani wewe.

Piga simu, kisha tafuta kitufe cha kurekodi kwenye programu ya kupigia iliyokuja na simu. Ile ya Google hutangaza kwamba mnarekodiwa, na mwenzako analisikia tangazo. iPhone nazo zina huduma hiyo tangu iOS 18.1 ya 2024, pia kwa tangazo, ingawa si kila nchi.

Ukikosa kitufe, weka spika na urekodi kwa simu ya pili. Mimi hufanya hivyo nikipokea vipimo kwa fundi wangu wa ujenzi. Chumba kikiwa kimya inatosha kabisa. Ila namwambia kwanza. Nawe mwambie mwenzako, tafadhali, sauti yake ni mali yake.

Programu za nje ya Play Store zinazoahidi kunasa pande zote ziache. Ukizipa ruhusa ya kusoma skrini, zinaweza kuona mpaka meseji zako za benki.